Vigingi vya Kaanaeli

Kiswahili kilipopanda huku kwetu mlimani kilikuja kwa mdomo wa Kaanaeli, na ndiyo sababu wengi wetu tulijua kukemewa kwa lugha hiyo kabla ya kujua kusalimiwa. Mtu mwingine angetuletea neno la maji, la chumvi, la karibu ndani. Kaanaeli alituletea maneno ya upotovu. Aliyakusanya popote alipoyasikia, kama sisi wanawake tunavyookota kuni, wala hakuacha hata kijiti.

Ukichelewa kurudi kutoka mtoni, umechepuka. Ng'ombe wako akiingia shamba la watu, amekengeuka, na wewe mwenyewe umepotoka kwa kufuga ng'ombe wa namna hiyo. Wazee wakianza kunywa mbege jua likiwa bado juu, mambo yao yamekwenda kombo. Mke anayemjibu mumewe ameasi. Na ukoo mzima ukikosana na Kaanaeli, basi ukoo umekwenda mrama. Neno hilo la mwisho alilipata mjini kwa Hatibu, mchuuzi wa nguo aliyetoka pwani, nalo ni la chombo kinachoyumba baharini. Kaanaeli hakuwahi kuiona bahari. Maji makubwa kuliko yote aliyoyajua ni mto Nduruma wakati wa masika, na huo alivushwa kwa kushikwa mkono.

Mimi nilimjua vizuri kuliko nilivyotaka. Mimi na Ndeshi, mke wa kaka yake, tuliolewa msimu mmoja, na vihamba vyetu, yaani mashamba ya migomba tunamoishi, vilipakana. Kati yetu palikuwa na mstari wa masale tu. Isale ni mmea mwembamba, shina lake limesimama wima na majani yake ni marefu. Ukilipanda ardhini kwa mkono wako mbele ya watu, umeweka mpaka, na hakuna wa kuling'oa. Ukimpelekea jani lake mtu uliyemkosea, umeomba radhi, naye hana ruhusa ya kukataa. Mtoto wa huku analijua hilo kabla meno yake hayajamaliza kuota. Kaanaeli naye alilijua. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye alijitia hajui.

Sasa mtazameni huyu mwalimu wetu wa kunyooka. Rika lake lilipoitwa jandoni, asubuhi ileile alikumbuka kwamba ana mjomba mgonjwa Moshi. Mjomba alikuwa mzima kabisa na alishangaa kumwona. Kaanaeli aliporudi, wenzake walikuwa wameshatoka jandoni wakiwa wanaume, na yeye akaja kutahiriwa pamoja na wadogo zake, akasimama katikati yao kama mgomba ndani ya maharage. Baada ya hapo akaenda misheni. Jina la Kaanaeli alijichagulia mwenyewe darasani, kabla hata ya kubatizwa, na hilo jina ndilo kitu pekee cha misheni alichodumu nacho. Aliondoka kabla hawajamaliza kufundishwa amri kumi, akisema zilizobaki amezielewa.

Kisha tukasikia yuko mjini, karibu na boma la Wadachi, amevaa kanzu na tarbushi nyekundu, anakaa barazani kwa Hatibu na kuwaambia wapita njia kwamba ana ndugu pwani. Hatibu alikuwa mtu mpole, akamvumilia kwa sababu alimbebea mizigo. Ramadhani ilipokaribia, tumbo la Kaanaeli likaanza kumsumbua, akaona hewa ya nyumbani ndiyo itakayomfaa. Basi akarudi kwetu na tarbushi yake. Njia ya rika, njia ya misheni, njia ya wenye kanzu, zote alizishika kwa muda mfupi akaziacha, na kila alipoacha moja alirudi na neno jipya la kuwaita wengine wapotovu.

Alijenga nyumba ya pembe nne kwenye majani mafupi, nje kidogo ya kihamba cha kaka yake. Dirisha lake lilitazama mjini na mlango ulitupa mgongo sisi majirani. Hapo ndipo kaka yake alipokufa kwa homa, akamwacha Ndeshi na watoto wawili, mmoja bado mgongoni. Alizikwa nyuma ya nyumba, chini ya migomba yake mwenyewe.

Na hapo ghafla Kaanaeli akaikumbuka mila. Mila zetu zote alikuwa akiziita upotovu, isipokuwa hiyo moja ya kumrithi mjane wa ndugu. Alikuja matanga hayajapoa, tarbushi kichwani, akasema amekuja kuchukua kilicho chake. Nilikuwepo, nilikuwa nikimenya ndizi na Ndeshi uani.

"Shemeji," Ndeshi alimwambia kwa Kimeru, bila kuinua macho kutoka kwenye kisu, "mimi nilishamzoea mwanamume anayemaliza alichokianza. Wewe nenda zako."

Kaanaeli alimjibu kwa Kiswahili ili aonekane mkubwa. Alisema Ndeshi amepotoka, amekengeuka na ameasi, yote kwa pumzi moja. Ndeshi aliendelea kumenya ndizi. Kaanaeli alipoona maneno hayamfikii alijifuta jasho akaondoka, na mimi nikacheka mpaka kisu kikanikata kidole. Laiti ningejua atalipiza kwa njia gani, nisingecheka.

Wadachi walitaka barabara kutoka bomani kwenda kwenye shamba la mlowezi mmoja upande wa mashariki, nayo ilipasa kupita kwetu. Mzungu aliyeisimamia tulimwita Bwana Kamba, kwa sababu aliipenda kamba iliyonyooka kuliko alivyompenda binadamu yeyote. Nyumba ya nani imo njiani, kaburi la nani, hayo hayakumhusu. Akaweka bendera moja kivukoni na nyingine juu ya kilima, akasema barabara itatoka hapa ifike pale, na akamtafuta mnyapara anayejua Kiswahili. Mnamjua aliyejitokeza.

Basi Kaanaeli akapewa kiboko, kamba na mzigo wa vigingi vilivyopasuliwa kwa msumeno huko bomani, vya kutosha mstari ulionyooka na si zaidi. Bwana Kamba akaenda kusimamia daraja upande wa pili. Wanaume wakaitwa, Wameru wa huku na Waarusha kadhaa kutoka ng'ambo ya mto, wakaivuta kamba kutoka bendera hadi bendera. Kamba ikaonyesha jambo ambalo kila mwenye macho alishaliona. Ilipita katikati ya mlango wa Kaanaeli na kutokea ukutani penye kitanda chake. Kihamba cha Ndeshi hakikuguswa hata jani.

Kaanaeli aliitazama kamba kwa muda mrefu. Alivua tarbushi, akaivaa tena. Kisha akasema upepo umeisogeza, ivutwe upya, na safari hii akaishika yeye mwenyewe. Akaipinda. Kamba ikaizunguka nyumba yake kwa adabu kama mgeni anayemkwepa mbwa, ikaingia kwa Ndeshi, ikakata migomba kati kwa kati na kupita juu ya kaburi la kaka yake wa kuzaliwa naye.

Ndeshi alitoka nje na mtoto mgongoni. "Shemeji, kamba ilikuwa inapita kwako. Sote tumeiona."

"Kihamba chako ndicho kilichokengeuka," alisema Kaanaeli. "Kimeingia barabarani."

"Kihamba alichokilima baba mkwe kimeingia kwenye barabara ambayo haijachimbwa?"

"Umeasi amri ya serikali. Ukisema neno jingine nitakulaza chini uchapwe."

Nielezeni mtu anawezaje kusema hivyo akiwa amesimama juu ya kaburi la nduguye. Mwanamke wa huku asiye na kihamba hana pa kuweka jungu. Angerudi kwa wazazi wake mikono mitupu, na watoto wake wawili wangekua bila mahali pa kuambiwa, hapa ni kwenu.

Ndeshi alikwenda kwa mzee Lomayani, mshili wao, yaani mkuu wa ukoo. Nilimsindikiza. Tulimkuta mzee anakunywa mbege, akatusikiliza mpaka kibuyu kikaisha, kisha akasema barabara ni ya Wadachi na yeye ni mzee tu. Akatuuliza kama tumekuja na ndizi. Huyo ndiye aliyekuwa ngao ya ukoo.

Lakini Kaanaeli, pamoja na ujanja wake wote, alisahau kwamba njia iliyopinda ni ndefu kuliko iliyonyooka. Vigingi vya bomani vilimwishia mahali palepale alipoingia kwa Ndeshi. Akaagiza wanaume wakate miti, wakamwambia miti iko mbali. Jua lilikuwa linapungua na aliogopa Bwana Kamba asije kabla hajamaliza. Akatazama huku na huku, akaona mstari wetu wa masale, yamesimama wima, yamelingana, kama yaliyochongwa kwa kazi hiyo.

"Kateni hivyo vichaka," alisema.

Hakuna aliyesogea. Simel, Mwarusha mmoja mwenye mabega mapana, alikuwa ameshika panga, akaliweka chini taratibu. "Hayo ni masale, mnyapara," alisema. "Kata mwenyewe."

"Mmepotoka nyote! Mnaogopa majani!" Akalichukua panga. Akaukata mpaka wangu na Ndeshi kwa mkono wake, shina baada ya shina, akanoa ncha, akayakita ardhini katikati ya kihamba cha marehemu nduguye, mbele ya watu wote wa barabara na mbele ya mjane. Kila alipopigilia moja alitutazama usoni, kusudi tuone kwamba yeye amekwisha kuvuka mambo hayo. Mimi nilitaka kumrukia, maana mpaka ule ulikuwa wangu pia, lakini Ndeshi alinishika mkono. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama kila isale linapoingia ardhini, na midomo yake ilikuwa inacheza kidogo.

Usiku huohuo masika yalianza. Nduruma ukafurika, Bwana Kamba akakwama ng'ambo, na kazi ikasimama. Kaanaeli alijifungia katika nyumba yake ya pembe nne, akifurahi kwamba imebaki salama, na kila alipopita kwa Ndeshi aliuliza kama ameshaanza kufunga mizigo.

Ndeshi hakufunga chochote. Siku moja mvua ilipopumzika nilimwona anabeba samadi kwa kapu, anakwenda kwenye vile vigingi vya masale, anaizungushia kila kimoja na kuishindilia kwa mguu. Nikadhani msiba umemwingia kichwani.

"Dada, una nini? Unalisha vigingi vya kukufukuza?"

"Amepanda mwenyewe," alisema. "Mimi namtunzia tu."

Nilirudi nyumbani nikachukua kapu langu.

Mnajua isale. Likatwe, litupwe, lisahauliwe, likigusa udongo wenye maji litaota. Kwa mvua ile na samadi ile ya mazizi mawili, yaliota kama yamelipwa. Mvua ilipokwisha kila kigingi kilikuwa na kichwa cha majani mabichi, na vile vya bomani vilivyopasuliwa kwa msumeno vilikuwa vimeanza kuoza. Mzee Lomayani alikuja akijikongoja kuangalia kama mkungu mmoja umekomaa, akayaona. Akasimama. Sijawahi kumwona mzee yule amesimama kwa muda mrefu hivyo bila kuegemea kitu.

"Nani amepanda masale hapa?"

"Kaanaeli," nilimwambia. "Kwa mkono wake, mbele ya watu."

"Ndani ya kihamba cha nduguye?"

"Na mbele ya mjane."

Mzee aliyeshindwa kuinuka kwa ajili ya Ndeshi na watoto wake aliinuka kwa ajili ya majani. Sitamsifu kwa hilo. Lakini aliinuka, akaenda nyumba hadi nyumba, na hata aliikataa mbege njiani.

Maji yalipopungua wanaume wakaitwa tena. Kaanaeli alifika na kiboko, akawaamuru waanze kuchimba kati ya vigingi. Walichimba kwenye majani mafupi vizuri tu, wakifuata mpindo wake. Walipofika kwenye isale la kwanza, Simel akaweka jembe chini. Aliyemfuata akaweka. Majembe yakalala mstari mzima.

"Hapa pana mpaka," alisema mzee Lomayani, ambaye alikuwa amekaa juu ya gogo akiwangoja. "Umeuweka wewe, shahidi ni hawa. Umesema kihamba hiki hakiguswi. Hakuna jembe la Mmeru wala la Mwarusha litakalopita."

"Mimi niliweka vigingi!"

"Vigingi havioti majani."

Kaanaeli alipiga kiboko kulia na kushoto. Mgongo wa Simel ulipasuka, na hakuliokota jembe. Alitumia maneno yake yote, yale ya kwetu na yale ya baharini. Wamepotoka, wamechepuka, wamekengeuka, wamehalifu, wameasi, wamekwenda kombo, wamekwenda mrama. Alipofika mwisho alianza upya, sauti imemkauka, na watu wakasimama wakimtazama kama anayepiga kelele kufukuza ndege.

Bwana Kamba alikuwa juu ya kilima. Aliona kazi imesimama, akaiweka darubini yake ya miguu mitatu atazame kuna nini. Siku nyingine asingeona kitu, maana vigingi vikavu havionekani kwa mbali. Lakini siku hiyo mstari wa majani mabichi ulikuwa unamwongoza jicho, na mtaro uliochimbwa ulikuwa umeizunguka nyumba ya mnyapara wake kama mshipi kiunoni. Alishuka kilima kwa miguu, haraka, uso mwekundu.

"Nani kupinda?" aliuliza.

"Bwana, watu hawa wamepotoka, wameasi, hawataki..."

"Watu mimi siulizi. Mstari nauliza."

Ndeshi alikuwa amesimama pembeni, na Bwana Kamba hakumtazama hata mara moja. Msije mkafikiri alimhurumia mjane. Kama kamba iliyonyooka ingepita juu ya Ndeshi mwenyewe, angempitishia. Alichukizwa na mpindo tu. Akaiamuru kamba ivutwe upya, nayo ikarudi palepale ilipokuwa siku ya kwanza, mlangoni kwa Kaanaeli na kwenye kitanda. Mnyapara akalazwa chini akapata hamsa ishirini zake, mapigo ishirini na matano, kwa kiboko kilekile alichokuwa nacho mkononi, na tarbushi ikabingirika mpaka kwenye mtaro. Sikumhurumia. Nimezeeka sasa, na bado simhurumii.

Nyumba ya pembe nne ilibomolewa na wanaume walewale. Sijapata kuwaona wakifanya kazi ya barabara kwa moyo namna ile. Walipomaliza, vigingi vya bomani viling'olewa vikawashwa moto, na masale yakabaki yaliposimama.

Kaanaeli alilala kwa huyu na kwa yule mpaka kila mmoja akamchoka. Halafu, mtu aliyekuwa ameyavuka mambo ya majani, akakata isale, akalifunga jani lake fundo kama inavyotakiwa, akamchukua mzee Lomayani amtangulie, wakaja kwa Ndeshi. Hakuwa na kanzu. Alisema kwa Kimeru, tena Kimeru kizuri cha mama yake, ambacho hatukuwa tumekisikia kwake kwa miaka.

"Shemeji, nimekukosea wewe na marehemu. Nimeleta isale."

Kisha akaendelea, kwa maana hata radhi hakuweza kuimaliza bila kuchepuka. "Na kwa kuwa sisi ni ndugu, na kihamba ni cha kaka yangu, ukinipa kipembe tu cha kujenga, pale karibu na kaburi, nitawalea watoto wake."

Mzee Lomayani alitazama chini. Mimi niliogopa, kwa sababu isale halikataliwi, na Ndeshi alijua, na Kaanaeli alijua kwamba anajua. Ndiyo maana alilileta.

Ndeshi alinyoosha mikono yote miwili, akalipokea kwa heshima.

"Nimekusamehe, shemeji," alisema. "Mzee ni shahidi."

Kaanaeli akatabasamu, akainua mguu aingie. Ndeshi akainama mbele yake, akalikita shina la lile isale ardhini, palepale langoni, kati ya mguu wake na wa shemeji yake, akashindilia udongo kwa kisigino. Alifanya polepole ili mzee aone vizuri. Mguu wa Kaanaeli ukabaki hewani, kisha ukarudi nyuma.

Ndeshi akajinyoosha, akapangusa mikono, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamwambia kwa Kiswahili, kile alichotufundisha.

"Njia ya mjini ile pale, shemeji. Imenyooka. Usichepuke."

Hakuwa na njia nyingine. Akaishika barabara, akashuka nayo, akapita mlangoni kwake na juu ya kitanda chake.